Namna ya kuongea GMO kijijini bila kufukuzwa: mwongozo kamili kutoka Busia, Uganda

Mara ya kwanza naenda kijijini kuongea GMO, yaani mazao yaliyoingizwa jeni maabara, tulibeba projekta, jenereta, T-shati na kreti za soda, tukaongea karibu masaa matatu, jeni hivi kromosomu vile, watu wakanywa soda wakavaa T-shati, halafu mzee mmoja aliyekaa nyuma kabisa chini ya mwembe akasimama akauliza kitu kimoja tu: "Kama hii kitu ni nzuri hivyo, mbona huko Namulonge mmeizungushia fensi na askari juu?" Namulonge ndo kituo cha utafiti wa mazao. Tukaangaliana. Mkubwa wetu akajibu ati "hayo ni mambo ya kisayansi, mzee". Hapo ndo mkutano ulikufa, manake watu walisikia "nyamaza". Wiki iliyofuata kijiji kizima kilikuwa kinasema GMO ni sumu inayolindwa na bunduki.

Ofisi iliyotutuma siitaji, nia yao ilikuwa nzuri. Tangu siku ile nimezunguka sana upande huu wa Busia na Tororo na hii kazi, nimefukuzwa mara kadhaa, nimekaribishwa chai mara nyingi zaidi, na nimeona kitu ambacho wenzangu wengi hawataki kukubali: watu hawakatai jeni, wanakataa kufichwa. Swali la yule mzee lilikuwa na jibu zuri tu, tena fupi, ni sisi tuliona haya kulitoa.

Msimamo wangu niuseme mapema. Naona hii teknolojia inaweza kusaidia kwenye mazao fulani yenye magonjwa ambayo njia za kawaida zimeshindwa au zinachelewa. Sidhani inamaliza njaa, na yeyote atakayesimama kijijini kusema inamaliza njaa tafadhali asinialike.

Hatua ya kwanza: jua sheria iko wapi, usije ukadanganya watu

Hapa Uganda hakuna zao hata moja la GMO ambalo mkulima anaruhusiwa kununua na kupanda. Kilichopo ni majaribio ndani ya vituo vya NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, chini ya UNCST, lile baraza la taifa la sayansi na teknolojia, na kamati yake ya usalama wa bayoteknolojia. Sera tunayo tangu 2008. Sheria ndo kizungumkuti. Muswada wa kusimamia GMO, unaoitwa wa 2012, ulikaa bungeni miaka, ukapita Oktoba 2017, Rais, Mzee Museveni, akakataa kutia sahihi akaurudisha Desemba hiyohiyo. Bunge likaupitisha tena Novemba 2018 na jina jipya, sasa ukaitwa wa kudhibiti uhandisi jeni, na ukiwa umewekewa kipengele kigumu kwamba mwenye teknolojia analipa madhara yoyote yakitokea, kipengele ambacho wanasayansi wetu wenyewe walikilalamikia. 2019 ukarudishwa tena.

Sasa wengi hapo wanamlaumu Mzee. Mimi nasema soma alichoandika 2017, utapata mtihani wako wote humo. Aliuliza kuhusu hakimiliki za mbegu, ati mwenye patenti analindwa halafu jamii iliyotunza mbegu ya asili miaka na miaka inasahaulika. Akauliza kuhusu mbegu za kienyeji, kwamba zisichanganywe ovyo na za GMO endapo siku moja shida itajitokeza. Hayo ndo maswali utakayopigwa na mama wa kawaida wa Lumino au Masafu huku Busia, kwa hiyo kama huna majibu yake usiwashe pikipiki.

Jua na ya majirani. Kenya walipiga marufuku GMO kuingia nchini Novemba 2012, wakaruhusu pamba ya Bt, ile ya GMO inayojikinga na viwavi, Desemba 2019, marufuku ikaondolewa Oktoba 2022, kesi zikaenda kortini. Sisi wa mpakani redio za Kenya zinaingia ndani ya nyumba, na unga unavuka kila siku, so utaulizwa "huu unga wa ng'ambo ni GMO?" kabla hata hujamaliza kujitambulisha.

Hatua ya pili: anza na ugonjwa, teknolojia iwe mwisho

Usifungue mkutano na neno GMO. Fungua na shamba. Omba mtu akupeleke kwenye mihogo yake, achimbe shina moja mbele ya watu wote. Ukiikuta ile michirizi kahawia, ugonjwa wa mihogo, juu majani yanadanganya, unaona kama mhogo mzima, ukikata ndani umeoza, mabaka ya kahawia magumu ambayo hata nguruwe anaangalia mara mbili. Pale hakuna haja ya projekta. Uliza: hii imeanza lini kwenu? Mlijaribu nini? Mlipoteza kiasi gani? Halafu nyamaza. Kweli nyamaza, hata dakika ishirini, waongee wao. Wazee watakukumbusha batobato, ule ugonjwa wa majani ya mihogo, ya miaka ya tisini ilivyofagia mihogo Uganda hii, na hapo wewe utajifunza zaidi ya wao.

Kwa ndugu zetu wa matoke ni kiwotoka, ule mnyauko wa bakteria ulioonekana mara ya kwanza huku Uganda 2001 upande wa Mukono. Unakuta ndizi inaiva kabla ya wakati, ukikata shina linatoa usaha wa njano. Unasambaa na panga, unasambaa na wadudu wanaotembelea ua.

Na hapa ndo watu wa kampeni huharibu. Kabla hujataja maabara, toa dawa iliyopo leo. Vunja lile ua la chini la ndizi kwa mti wenye panda, usitumie panga. Safisha panga kwa JIK (ile dawa ya kung'arisha nguo) au kwa moto kila ukihama shina. Ng'oa shina lenye ugonjwa mapema. Kwa mihogo, chukua vijiti safi, uliza mbegu kama NAROCASS 1 ambayo inavumilia ile michirizi na imetoka kwa uzalishaji wa kawaida, siyo GMO. Ukisaidia mtu na kitu asichohitaji sheria mpya kukipata, kesho atakusikiliza ukimwambia kuna kingine kinapikwa. Na kama njia ya kawaida inatosha kwenye zao lao, sema inatosha, funga kitabu, kunywa chai.

Baada ya hapo ndo useme kinachojaribiwa, kwa kifupi. Kituo cha utafiti cha Kawanda kuna matoke waliyoyapa jeni kutoka pilipili hoho ili yastahimili kiwotoka, na mengine yenye jeni kutoka ndizi ya Papua New Guinea ili yawe na vitamini A zaidi. Kachwekano kule Kabale ni viazi vya airishi, ile Victoria mnayoijua, imepewa jeni tatu za viazi pori ipambane na ukungu ambao mkulima anaupulizia dawa kila mara mvua ikinyesha. Namulonge ni mihogo na mahindi. Pamba ilijaribiwa Serere na Kasese. Chagua zao la hapo ulipo tu, ukiwaongelesha watu wa mihogo habari za airishi wataanza kuchezea simu.

Hatua ya tatu: DNA tayari wanaijua, usiifundishe upya

Watu wa ofisini wanapenda kuanza na "jeni ni nini" wakachora ile ngazi iliyojisokota. Banange, hii ni Uganda! Baada ya ile homa ya 2023 ya wababa kupima watoto nani hajui DNA? Hata kwa Kiganda wana neno lao, endagabutonde. Mimi huanza na kicheko hapo hapo: "Mnajua ile kitu inayoonyesha mtoto ni wa nani? Na mmea nao unayo." Imeisha. Dakika mbili umevuka ambapo wengine wanatumia saa nzima.

Kazi kubwa zaidi ni kutenganisha vitu vitatu: kienyeji, haibridi na GMO. Huku kwetu kila kitu kikubwa, kigumu au kisicho na ladha kinaitwa GMO. Kuku wa broila, GMO. Tikiti lisilo na mbegu, GMO. Nyanya ngumu ya kusafirisha, GMO. Zile ndizi ambazo watu wanaziita "Kawanda" na kuzisema vibaya kwa ladha ni chotara wa kawaida tu. Hakuna hata kimoja hapo ambacho ni GMO. Ninabeba magunzi, haha, kweli, mahindi matatu mkononi: hili alilihifadhi bibi, hili limetokana na kuoanisha mahindi mawili shambani mpaka wakapata wanalotaka, hili la tatu mtu ameenda maabara akaingiza tabia moja au mbili anazozijua. Halafu ninaeleza kwa nini matoke ni kichwa ngumu: matoke yetu hayana mbegu, kuyaoanisha ni kazi ya miaka na miaka, ndo maana watafiti wakakimbilia maabara. Hii sababu watu wanaielewa haraka sana kwa sababu hakuna aliyewahi kupanda mbegu ya matoke.

Na ongea lugha ya pale. Lusamia, Ateso, Dhopadhola, Kiswahili kwa soko na mpakani. Kama unatumia mkalimani kaa naye jana yake mkubaliane maneno, manake niliwahi kusikia "imebadilishwa jeni" ikitafsiriwa kama "imerogwa", na mimi mwenyewe nilikuwa natingisha kichwa kukubali.

Hatua ya nne: fungua fensi

Turudi kwa mzee wa mwembe. Jibu lake ni hili. Fensi ipo kwa sababu lile zao bado halijamaliza kupimwa, na masharti ya majaribio yanasema hakuna anayeruhusiwa kulila, kuliuza wala kulitoa nje mpaka lipite. Ndo maana hata mavuno wanayachoma au kuyafukia. Yaani fensi inamlinda yeye asile kitu kisichopimwa. Ukilisema hivyo mtu anaelewa, lakini ukisema "ni salama kabisa" huku unachoma mavuno, hata mimi sitakuamini. Sentensi iliyo sahihi ni "bado kinapimwa, na hivi ndivyo kinavyopimwa".

Bora zaidi ni waone kwa macho. Vituo huwa vinapokea wageni kwa mpangilio, unaandika barua mapema, watu wanaingia kwa kusaini kitabu. Usichague wale wanaokubaliana na wewe. Peleka mbishi, peleka LC wani (mwenyekiti wa kijiji), peleka mama mkunga, peleka kijana wa boda mwenye mdomo kwa sababu huyo ndiye redio yenyewe. Yule mzee tulimpeleka miezi baadaye, mimi na wenzangu wawili tukachangia mafuta. Hakutaka kuongea na mtafiti, akaenda moja kwa moja kwa askari getini kumuuliza unalinda nini. Askari akamwambia, "Nalinda watu wasiibe wakala, mzee, vijana wa hapa wanapenda vya bure." Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Hakurudi akiwa shabiki wa GMO, nisije nikadanganya, lakini neno sumu sikulisikia tena kijijini kwake.

Hatua ya tano: mbegu ni ya nani

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote ni matawi. Usilijibu kwa jumla. Lijibu zao kwa zao.

Matoke na mihogo: unapanda chipukizi, unapanda kijiti. Ukishapata kimoja shambani unazalisha mwenyewe, unampa shemeji, unampa jirani. Hakuna mbegu ya kununua kila msimu. Na kwa vile matoke hayana mbegu, hofu ya chavua kuruka ikaharibu ndizi za jirani ni ndogo sana. Lakini jeni zenyewe zinaweza kuwa na mwenye hakimiliki, kwa hiyo muulize mtafiti mbele ya watu: nikigawa chipukizi nitashtakiwa? Ajibu yeye, kwa mdomo wake, na mtu aandike.

Mahindi ni hadithi nyingine. Haibridi yoyote, iwe GMO au siyo, ukirudia mbegu yake msimu wa pili mavuno yanashuka, kwa hiyo unanunua. Mradi wa mahindi ya kustahimili ukame ulioanza 2008 chini ya AATF, shirika la teknolojia ya kilimo la Nairobi, ulipewa teknolojia na Monsanto, ambayo sasa imemezwa na Bayer, bila kulipiwa mrabaha (ada ya mwenye teknolojia) kwa ajili ya wakulima wadogo. Watu wakisikia "bila mrabaha" wanadhani mbegu ni bure. Siyo bure, utainunua dukani. Tena mahindi chavua yake inaruka, hivyo mwenye mbegu yake ya kienyeji ana haki ya kuuliza itakuwaje. Sema wazi kwamba hapo panahitaji umbali kati ya mashamba na sheria inayosimamia, na sheria hiyo hatuna.

Ongeza hili la kwetu: mbegu feki. Mkulima ambaye ameuziwa mahindi ya kula yaliyopakwa rangi kama mbegu anaanzaje kuamini pakiti ya GMO? Mimi simlaumu. Mkutano wangu mzuri kuliko yote ulikuwa wa namna ya kutambua mbegu feki, GMO ilitajwa mwishoni kabisa na ni wao walioitaja.

Usiwasahau wanaouza ogeniki nje, wa kahawa, kakao, vanila, simsim. Uganda ni kati ya nchi zenye wakulima wengi wa ogeniki wenye vyeti, na mnunuzi wa Ulaya akisikia harufu ya GMO anauliza maswali. Waite mezani mapema, wasisikie kwa redio. Na simulia habari ya Burkina Faso bila kuificha: walianza pamba ya Bt 2008, wakulima wakapuliza dawa kidogo na wengi wakaipenda, lakini nyuzi zikawa fupi, makampuni ya pamba yakapata hasara sokoni, kufikia 2016 wakaanza kuiacha. Ukiisimulia wewe, mpinzani hana bomu la kukurushia.

Hatua ya sita: afya na dini

Kuhusu saratani utaonyeshwa picha ya panya wenye mauvimbe makubwa. Hizo zilitoka kwenye utafiti wa Ufaransa wa 2012, na ndo uliochangia marufuku ya Kenya. Jarida lililouchapisha liliuondoa 2013 kwa sababu panya walikuwa wachache na ni aina inayopata uvimbe kwa urahisi hata bila GMO. Lieleze taratibu, usimcheke aliyekuonyesha. Msimamo wa WHO ni kwamba vyakula vya GMO vilivyo sokoni vimepimwa na havionekani kuleta hatari, ila kila kimoja kipimwe peke yake. Mimi huwa naongeza insulini: wagonjwa wa sukari wanaijua, na tangu 1982 inatengenezwa na bakteria waliowekewa jeni ya binadamu. Mtu akisikia jaja yake (babu au bibi) anadungwa kitu hicho kila siku anatulia kidogo, ingawa atakwambia dawa siyo chakula, na hapo ana hoja.

Dini msiirukie. Huku tuna Waislamu wengi na swali la nguruwe litakuja. Nenda kwa sheikh kabla ya mkutano, mwambie jeni imetoka wapi hasa, pilipili hoho, kiazi pori, mwachie aseme yeye. Padre na wachungaji hivyohivyo. Usimwombe akupigie debe kanisani, mwombe tu aje asikilize.

Hatua ya saba: redio, WhatsApp na pesa

Redio bado ndo mfalme, jioni baada ya habari. Usiende peke yako, nenda na anayepinga, kuna mashirika ya wakulima yanayopinga kwa hoja nzito. Simu zipigwe moja kwa moja, zisichujwe. Kipindi cha watu wanaokubaliana wote hakuna anayekisikiliza.

WhatsApp jibu kwa sauti, siyo kwa PDF. Sauti ya dakika moja, kwa lugha ya pale, kutoka kwa mtu wanayemjua. Anza na ukweli moja kwa moja, ukianza kwa kurudia uvumi umeusambaza mara ya pili. Weka daftari la uvumi: umesikika wapi, lini, nani wa kwanza. Baada ya miezi utaona ni uleule mmoja unavaa nguo mpya.

Pesa sasa. Utaulizwa "nani anawalipa?" Jibu kwa sentensi moja, jina la mfadhili. Ndizi ya vitamini A inafadhiliwa na Gates Foundation, sema hivyo, ukijiumauma midomo watajaza wenyewe. Nauli ya wanaokuja mkutanoni iwe sawa kwa anayekubali na anayekataa, itangazwe hadharani. T-shati acha kabisa.

Hatua ya nane: rudi

Mkutano mmoja haupimi kitu. Usihesabu waliohudhuria, kila mtu anahudhuria kama kuna soda. Uliza watu wachache maswali yaleyale mwanzo na baada ya wiki kadhaa: tofauti ya haibridi na GMO ni ipi, ungepanda, ungemlisha mtoto, ukiwa na wasiwasi ungempigia nani. Hilo la mwisho ndo naliangalia zaidi, siku wakianza kutaja jina la mtu wa hapohapo badala ya "sijui" kazi imeanza kushika.

Na wakisema hawataki, andika kwenye mihtasari kwamba hawataki, na sababu zao kwa maneno yao, msomee LC, asaini, upeleke juu ulikotoka. Usirembe. Kuna kijiji kimoja kilitukataa kabisa, tukaandika hivyohivyo, mwaka uliofuata ni wao walitupigia simu, mihogo ilikuwa imeoza, na hawakutaka GMO, walitaka vijiti safi. Tukapeleka vijiti.

Kwenye bajeti weka safari tatu kwa kila kijiji: ya kusikiliza, ya kujibu, ya kurudi. Kama pesa ni kidogo punguza vijiji, usipunguze safari, na mafuta ya boda yahesabu na ya siku za mvua, hizo barabara za kutoka Busia kuingia ndani ukizijua utaniambia.